Pini ya Ishirini na Tatu

Shimo la tatu lilipomfika kiunoni, Koplo alichomeka beleshi lake kwenye kifusi, akajifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akatangaza kwamba humu hakuna maiti, na kama iliwahi kuwemo basi imeshahama.

"Chimba," Inspekta akasema.

"Afande, nimebakisha miaka miwili nistaafu."

"Basi chimba taratibu. Lakini chimba."

Kituoni Inspekta huyu walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja. Alihoji watu namna shangazi anavyomhoji mchumba wa mpwa wake: kwa upole, kwa kurudia, akisubiri mtu ajikwae mwenyewe. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alisimama ukingoni mwa shimo, viatu vimejaa vumbi la kijivu, akiangalia beleshi linavyoingia na kutoka.

Walikuwa kwenye kilima ambacho Mungu hakukiweka. Miaka kumi na miwili nyuma hapa palikuwa na shimo la mgodi wa makaa ya mawe, pana kiasi cha kumeza mji mdogo. Makaa yalipokwisha, sheria iliitaka kampuni irudishe ardhi kama ilivyoikuta. Mashine zikarundika kifusi, zikakichonga kikawa kilima chenye mteremko mmoja mrefu, zikatandaza juu yake udongo mweusi wa unene wa shubiri, na majani yakapandwa kwa mistari ili mvua isiukokote udongo hadi kwenye nyumba zilizo chini. Ukiwa mbali ungedhani ni kilima kama vilima vingine. Ukikaribia unaona mistari, kama kichwa kilichosukwa, na kati ya mstari na mstari ngozi ya kijivu.

Mkaguzi aliyetumwa na ofisi ya ardhi kupima kama kilima kimepona alipotea miezi mitano iliyopita, wiki moja baada ya mvua ya mwisho. Watu walimwita Fremu, kwa sababu ya fremu ya chuma, mita moja kila upande, aliyoibeba begani kutwa. Aliilaza chini, akapiga magoti, akahesabu kila kilichokuwa ndani yake: shina la jani, jiwe, kipande cha ardhi kilicho uchi. Kisha akapiga hatua kumi, akailaza tena. Siku tisa alihesabu. Ya kumi hakurudi nyumbani. Pikipiki yake ilikutwa kituo cha mabasi, na ripoti yake ikakutwa mezani kwa meneja wa mgodi, imesainiwa, ikisema kilima kimepona. Upelelezi wa kwanza ulihitaji siku nne tu kuamua kwamba ametoroka. Wengine wakamwongezea na mwanamke. Asiyekuwepo na lake halipo.

Aliyekataa ni mama yake. Kila Jumatatu alifika kituoni, akakaa kwenye benchi lilelile, akauliza swali lilelile: mwanangu mmempata? Mwezi uliopita faili lilihamishiwa kwa Shangazi, na asubuhi hii mkuu wa kituo alikuwa amemwambia kwamba jioni ikifika bila jipya, linafungwa. Upande wa mashariki mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yameanza kujipanga.

Alichagua pa kuchimba kwa macho. Kwenye mteremko mzima uliokauka, sehemu tatu zilikuwa za kijani kibichi, majani yamenenepa kama yanakula mara mbili. Shangazi alikuwa ameshaona makaburi ya wizi maishani mwake, na alijua kwamba alipolala mtu, majani hunawiri. Sehemu tatu, mashimo matatu. La kwanza hakuna. La pili hakuna. Ndipo beleshi la Koplo likavuta kitu cheupe.

"Afande. Nguo."

Haikuwa nguo. Ulikuwa mfuko wa mbolea, umekunjwa, na chini yake mwingine, na mwingine. Sita. Chembe za mbolea zilikuwa bado zimeng'ang'ania kwenye mikunjo.

"Kilima kimepakwa poda," Koplo akasema.

"Siku chache kabla ya ukaguzi, majani yapate rangi." Shangazi aliinusa mifuko, akaiweka kando. "Nani anapanda hapa?"

Hakuhitaji kujibiwa. Mtu aliyeuliziwa alikuwa tayari anateremka kuja kwao, ubavu ubavu, bila kukanyaga hata shina moja, na dumu la maji mkononi.

Huyu alikuwa msimamizi wa upandaji, na hata meneja alimwita Fundi Majani. Alikuwa na miaka karibu sitini, kofia imepauka, rula imechomoza kwenye mfuko wa shati na nyundo imening'inia kiunoni. Zamani alikuwa dereva wa mashine, mashine ileile iliyochimba shimo. Aliwapa maji, akamwangalia Koplo kwa uchungu namna alivyokuwa amechanganya udongo mweusi na wa kijivu.

"Udongo wa juu unawekwa kando yake, afande. Kisha unarudi juu. Mkichanganya hivyo hapaoti kitu miaka mitatu."

"Tutakumbuka. Hii mifuko ni yako, mzee?"

Aliitazama. Hakubabaika. "Yangu. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari si huogeshwa kwanza?"

"Fremu alijua?"

"Alijua siku ya kwanza. Alicheka. Akaniambia, Fundi, mimi sihesabu rangi, nahesabu mashina."

"Kisha akaandika kwamba kilima kimepona."

"Aliniachia ripoti mkononi, hapahapa. Akasema anasafiri, nimpelekee meneja."

"Anasafiri kwenda wapi?"

"Hakusema."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Wafanyakazi wako walimwona?"

"Ilikuwa siku ya mapumziko. Nilikuwa peke yangu."

Shangazi alimwacha asikie neno lake mwenyewe. Na katika kile kimya, kitu kiligonga. Mlio ulitoka chini, mbali, mmoja tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo haamini kwamba ina watu.

Koplo alitoka shimoni haraka kuliko alivyoingia. "Mmesikia?"

"Mawe," Fundi Majani akasema. "Ardhi ya kurundikwa haitulii. Mawe hushuka yakatafuta pa kukaa."

Alisema vizuri tu, lakini mkono wake ulikuwa umekishikilia kichwa cha nyundo. Watu wa nyumba za chini walishamwambia Shangazi habari hizo. Kilima kinagonga, walisema, tangu mvua zilipokwisha. Wawili walikuwa wameshahama.

Wakati wa kutoka shimoni Koplo alikuwa ameupiga teke msumari mrefu wa chuma uliosimikwa ardhini, ukalala. Fundi Majani alipiga magoti kama mtu aliyeona mtoto ameanguka. Aliusimamisha, akaugonga kwa nyundo mara tatu, akachomoa rula, akapima, akagonga mara moja zaidi, akapima tena.

"Ni nini hizo?" Shangazi aliuliza, ingawa alikuwa ameziona mteremko mzima, kumi kila mstari.

"Pini za mmomonyoko, afande. Kila pini naiacha sentimita kumi juu ya ardhi. Si tisa, si kumi na moja. Mvua ikiuchukua udongo, chuma kinachomoza. Msimu ukiisha unakuja na rula. Ikisoma kumi na nne, ujue udongo wa sentimita nne umeshaondoka."

"Na mvua haijanyesha tangu Fremu apotee."

"Hata tone."

"Kwa hiyo zinasoma alivyoziacha yeye."

"Alivyoziacha yeye," Fundi Majani akakubali. Alitoa kidaftari mfukoni, akaandika: pini ya arobaini na moja, imesimikwa upya, sentimita kumi, na tarehe. "Nikiigusa pini lazima niandike. La sivyo anayekuja nyuma yangu atasoma uongo."

*

Nyumba ya mama yake Fremu ilikuwa ya mwisho chini ya mteremko, vyumba viwili na baraza. Kitu cha kwanza alichokiona Shangazi ni mfereji. Ulikuwa umechimbwa kuzunguka nyumba upande wa kilima, safi, umenyooka, na ukingoni majani yamepandwa kwa mistari miwili. Aliangalia nyumba za jirani. Hazikuwa na mfereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmempata?"

"Bado, mama."

Mama alikuwa mwembamba, mgongo umenyooka, mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini. Aliwakaribisha mezani, juu ya kitambaa cha plastiki kilichochujuka pale viwiko vilipozoea kukaa. Viti vilikuwa viwili, vinatazamana. Koplo, kwa adabu ambayo hakuna aliyeijua, alibaki mlangoni.

"Mfereji umechimbwa na nani?"

"Yule mzee wa majani. Alikuja mwenyewe, wiki ile ile baada ya mwanangu kupotea. Siku tatu anachimba. Nilimpa hata maji ya kunywa, akakataa. Hakuniangalia usoni. Nikasema huyu ana huruma, anaona aibu kunitazama."

Shangazi aliliweka hilo mahali pake.

"Majirani wanasema kilima kinagonga," mama akaendelea. "Wanakuja kuniambia, mwanao anabisha hodi. Wanadhani wananifariji. Mimi nalala nimetega sikio, nakaa barazani kutwa nimetega sikio, sisikii kitu. Watu baki wanamsikia, mimi niliyemzaa simsikii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote."

Shangazi alisogeza kiti karibu na meza. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya kishangazi, kana kwamba ni mazungumzo tu:

"Jioni akirudi kazini, alikuwa anafanya nini?"

"Anaoga. Anakula."

"Halafu?"

"Halafu tunaandika."

"Mnaandika?"

"Yeye anasoma, mimi naandika." Mama alishangaa kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. "Mwaka fulani daftari lake lililowa mvua, kazi ya msimu mzima ikaenda na maji. Tangu hapo akasema, mama, daftari la shambani liwe na ndugu yake nyumbani. Anakaa hapo ulipokaa wewe, ananisomea namba, mimi naziandika kwenye la kwangu."

"La kwako liko wapi?"

"Kabatini."

"Askari wa kwanza hakuliona?"

"Aliuliza kama kuna hati za kazi. Nikamwambia hakuna. Hili si hati, ni daftari la shule."

Lilikuwa na jalada la bluu na mwandiko wa duara, wa mtu aliyezoea kuandika ubaoni. Shangazi alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaweka ubavuni nakala ya ile ripoti iliyosainiwa. Kwenye ripoti, pini zote hamsini zilisoma kumi na moja. Kumi na moja, kumi na moja, toka juu hadi chini. Kwenye daftari la mama hazikufanana hata mbili zilizofuatana. Na mbele ya pini moja palikuwa na maneno:

*23: kumi na nne. Tundu chini yake, mkono unaingia mpaka kiwikoni. Kilima kinaliwa toka ndani, upande wa nyumba. Kesho kurudi na tochi.*

Alisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Mama aliitikia kwa kichwa.

"Hilo la nyumba ndilo lililomnyima usingizi. Alisema mvua mbili tu zikipita humo ndani, kipande kile kinashuka chote. Alikuwa hawezi kukipitisha."

"Na wamesema alikipitisha."

"Wamesema mengi." Mama alikunja mikono juu ya meza. "Sikiliza, mwanangu. Mimi sitaki mtu afungwe. Nimeshazika mume, nimeshazika binti, najua walipolala. Huyu nataka nimlaze mahali ninapopajua, na watu waache kusema alitia saini uongo akakimbia. Sina haja nyingine."

Ngurumo ilipita mbali. Shangazi aliangalia nje, kisha daftari. Mvua moja kubwa, na hakuna pini ambayo ingesoma kama ilivyoandikwa hapa. Daftari lingebaki namba tupu.

"Mama, unaweza kupanda kilima?"

"Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

*

Walianzia mstari wa kwanza, ule wa juu kabisa. Shangazi alipiga magoti kwenye pini, akasimamisha rula. Mama alisimama nyuma yake, daftari limefunguliwa, miwani puani.

"Moja," mama akasoma. "Kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Mbili. Kumi na moja na nusu."

"Kumi na moja na nusu."

Koplo alitia alama kwenye karatasi. Hakuna aliyefanya mzaha. Walikwenda hivyo pini baada ya pini, sauti ya mama haipandi wala haishuki, na rula ikimjibu kila mara neno kwa neno. Ilikuwa kana kwamba Fremu mwenyewe amekaa upande wa pili wa meza, anasahihisha. Mistari ile ya juu ilipokwisha, Shangazi hakuwa na shaka tena: ripoti ni ya kughushi, na daftari la shule ni la kweli.

Fundi Majani aliwaona kutoka kitaluni. Alifika akihema, akavua kofia alipomwona mama, akaivaa tena.

"Mngeniambia, ningewasaidia kupima."

"Tunakaribia nusu," Shangazi akasema. "Nisomee, mama."

"Ishirini na moja. Kumi na mbili na nusu."

"Ndiyo."

"Ishirini na mbili. Kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Ishirini na tatu. Kumi na nne."

Shangazi aliweka rula. Aliiondoa, akafuta kichwa cha pini kwa kidole, akaiweka tena. Majani pembeni yake yalikuwa mazuri, hayana pengo, yamepandwa kwa mstari uleule.

"Rudia, mama."

"Ishirini na tatu. Kumi na nne."

"Kumi," Shangazi akasema. "Kumi kamili."

Upepo wa mvua ulianza kuja toka mashariki, ukayalaza majani yote upande mmoja.

"Udongo umeshuka toka juu, ukaifunika," Fundi Majani akasema haraka. "Hutokea."

"Juu yake ni pini ya kumi na tatu. Tumeipima sasa hivi. Inasoma alivyoandika, haijatoa udongo hata punje. Na udongo unashushwa na nini, mzee? Umeniambia mwenyewe, hata tone halijanyesha."

"Ng'ombe wa watu. Wanakanyaga."

"Ng'ombe anaipinda. Hii imenyooka kuliko jirani zake."

"Basi mama alikosea kuandika. Mtu mzima, macho…"

"Amepatia pini ishirini na mbili," Shangazi akasema, "ije kukosewa hii moja tu, yenye tundu?"

Mzee aliinama, akanyoosha jani lililolala kando ya pini.

"Nipe kidaftari chako."

Alikitoa. Mkono wake ulitii kabla yeye hajaamua. Shangazi alifungua miezi mitano nyuma, akapitisha kidole. Pini ya ishirini na tisa, ng'ombe. Pini ya thelathini na nane, imelegea. Arobaini na moja, ya leo asubuhi, teke la Koplo.

"Ishirini na tatu haimo. Wewe unayeandika hata teke. Mtu alichimba hapa, akafukia, akashindilia, akarudisha udongo mweusi juu kama inavyotakiwa, akapanda majani kwa mstari. Wala nisingejua. Kisha akaikuta pini imelala, akaisimamisha. Mtu mwingine yeyote angeichomeka tu ilimradi isimame. Huyu alichukua rula."

Mazoea yana taabu. Fundi Majani aliitazama ile pini namna mtu anavyomtazama rafiki aliyemsema vibaya. 

"Koplo," Shangazi akasema, "hapa."

Koplo alitema mate viganjani, akaanza. Safari hii, bila kuambiwa, alikata ule udongo mweusi kwanza, akauweka kando yake. Udongo ulikuwa laini. Ulikuja kirahisi, beleshi baada ya beleshi, na chini ya ule mweusi wa kijivu, na ndani ya ule wa kijivu vipande vya ule mweusi ambavyo havikupaswa kuwa huko. Shimo likafika gotini. Likafika pajani. Mama alikuwa amelibana daftari kifuani kwa mikono miwili. Shangazi hakuangalia shimo. Alikuwa anamwangalia mzee, ambaye macho yake yalifuata ncha ya beleshi, likizama, likipanda, likizama.

"Acha!" Fundi Majani akapaza sauti.

Koplo akasita.

"Acha beleshi. Kuanzia hapo tumia mikono. Utamgonga."

Koplo aliweka beleshi chini polepole, akapiga magoti shimoni. Kwa muda ikasikika sauti ya mikono ikikwangua udongo, basi.

Mzee alikaa chini, mahali palepale alipokuwa amesimama, juu ya majani aliyokuwa hayakanyagi.

"Sikumuua," akasema. "Asubuhi ile tundu lilikuwa limepanuka, mtu anaenea. Alilaza fremu mdomoni mwake apime upana. Ardhi ikakatika, akaingia nayo, kifusi kikashuka juu yake. Yote mara moja. Nilikimbia mpaka hapa."

"Ukachimba?"

"Nilishika beleshi."

"Nimekuuliza ulichimba?"

"Kesho yake wakubwa walikuwa wanakuja kukiona kilima. Nilipachimba kwa mikono hii nikaparudisha kwa mikono hii, miaka kumi na miwili. Shimo kama lile katikati ya mteremko, wangekifumua chote, waanze upya, na mimi nipo ukingoni mwa kustaafu. Nikasema nifikirie kidogo. Nikakaa hapa nafikiri." Alipangusa uso kwa kofia. "Alikuwa anagonga. Palikuwa na uwazi mle chini. Alikuwa anagonga na ile fremu yake. Nikasema akinyamaza nitajua la kufanya. Alipokwisha nyamaza nikafukia. Pikipiki nikaipeleka mjini. Ripoti nikaandika mimi, saini nikaiga."

"Daftari lake?"

"Alikuwa nalo mfukoni. Sijaligusa."

Shangazi alikuwa amehoji watu miaka ishirini na moja, na hakuna siku aliyotamani kumpiga mtu kama siku ile. Alitoa pingu, akamfunga, akaangalia pembeni mpaka pumzi yake ikatulia.

"Afande," Koplo akaita toka shimoni. Sauti yake haikuwa na mzaha wala umri.

Alikuwa ameshika kona ya chuma. Aliivuta taratibu, ikatoka, imepinda upande mmoja, na ilipokuwa ikipita ukingoni iligusa beleshi lililolala. Ikalia mara moja, nyembamba, safi, ikasikika mteremko mzima.

Fundi Majani alijaribu kuziba masikio. Pingu zilimruhusu sikio moja tu.

Mama aligeuka. Alimwendea mzee, akasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba safari hii asingeweza kutomwangalia usoni.

"Ndivyo ilivyokuwa inalia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa nimeisikia," akasema. Matone ya kwanza yalianguka juu ya daftari, na wino wa pini ya ishirini na tatu ukaanza kutanuka. Hakulifunika. "Aligonga mara ngapi?"

Mzee alitikisa kichwa. "Ilikuwa hadi jioni, mama. Sikuhesabu."

"Mwanangu angehesabu," mama akasema, akalifunga daftari, akaenda kukaa ukingoni mwa shimo kumsubiri.